Shangazi wa Meko Anajibu: Kuni Katika Fukuto la Kaskazi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu apendaye kupika kwa kuni afanye nini katika siku hizi za maleleji, wakati kaskazi imelegea, kusi haijaanza kuvuma, na hewa imesimama kiasi kwamba nguo haikauki mgongoni? Baadhi ya wasomaji wanasema watoto wao wamewashauri waache kuni kabisa. Sitaurudia ushauri huo, kwa sababu waandishi wenyewe wanaufahamu, na wengi wao wana mtungi wa gesi nyumbani. Wanachotaka ni kubaki na moto wao bila kuugua. Naamini inawezekana, lakini kwa masharti, na masharti hayo nitayasema waziwazi.

*Shangazi, shikamoo. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, hapa Mkomani, na kidari cha meko, yaani jiko letu la darini, kiko juu kabisa, chini ya makuti. Mama mkwe wangu hataki futari ipikwe kwa kitu kingine ila kuni, nami nakiri kwamba ladha yake naipenda vilevile. Lakini Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, na tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi huwa nimesimama mbele ya mafiga huku nimefunga. Juzi nilishikwa na kizunguzungu hata nikakaa chini. Nifanye nini bila ya kumvunjia mama heshima?*
— Mke wa Mwana, Mkomani, Lamu

Marahaba, mwanangu. Naanza na kizunguzungu, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, na njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Mchana wa Machi hapa Lamu kipimo huonyesha nyuzi 32 au 33 tu, ambazo mtu wa Garissa angeziona ndogo, ila hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, na jasho hutiririka likadondoka sakafuni bila kufanya kazi yake. Ukiongeza juu ya hayo joto la mafiga na mwili usioonja maji tangu daku, kizunguzungu ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Kikirudi, ondoka motoni papo hapo, lala penye upepo na miguu imeinuliwa kidogo, ujimwagie maji kichwani na shingoni. Kisipokwisha, au ukianza kutapika, ufunguzwe saumu na upewe maji ukiwa bado una fahamu kamili; ukianza kusema maneno yasiyoeleweka, wakupoze kwa maji huku wakikukimbiza hospitali. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na sioni heshima ya mkwe inayoweza kutangulia mbele ya ruhusa hiyo.

Sasa tuuangalie moto wenyewe. Mafiga matatu yaliyo wazi hufikisha kwenye sufuria takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Lililobaki huenda hewani, kwenye kuta na kwenye mwili wako wewe uliyesimama hapo. Kwa hiyo, mpishi anayelalamika kuwa moto unamchoma kuliko unavyochoma chakula anasema kweli tupu. Mtafute fundi wa udongo auzungushie moto wako ukuta mfupi wa udongo uliochanganywa na mchanga na majivu, wenye mlango mmoja wa kuingizia kuni, kisha sufuria yako kubwa ishuke ndani ya ukuta huo hadi ubaki upenyo wa upana wa kidole tu pembeni yake. Moshi upate njia ya kupanda kwa upenyo huo. Kuni zitapungua, na utashangaa jinsi utakavyoweza kusimama karibu, kwa sababu joto la ndimi za moto husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga unavyosafiri, na udongo ukikaa kati yako na ndimi, sehemu kubwa yake haikufikii. Jambo hilohilo linaeleza faida ya umbali: moto mdogo ukiusogelea nusu ya masafa, joto linalokupiga usoni huwa karibu mara nne. Upawa na mwiko wenye mpini mrefu vina thamani kubwa msimu huu.

Hata hivyo, saa ndiyo itakayokusaidia kuliko ukuta wowote. Futari nyingi za kwetu hazihitaji kupikwa alasiri, tumezoea tu. Chukua mbaazi. Ziloweke usiku. Baada ya daku na sala ya alfajiri, wakati kuta za mawe bado zimepoa, washa moto, zichemshe kwa nguvu kwa robo saa, kisha ifunike sufuria vizuri na uitie katika kikapu kilichojazwa vitambaa, sponji au makumbi makavu yaliyofungwa ndani ya kitambaa, juu ukiweka mto mzito. Kufikia saa nne asubuhi zitakuwa zimelainika bila ya kijiti kimoja cha kuni kuongezwa. Zichuje, zipoe, zitie katika friji bila tui. Jioni, nusu saa kabla ya adhana, utatia tui na kuziacha zichemke tena kabisa. Usiliache tui humo mchana kutwa, wala usikiache kikapu kwa zaidi ya saa nne au tano, kwa sababu chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kubaki vuguvugu katika joto hili huharibika upesi. Asiye na friji awashe moto mfupi saa saba mchana, akitie chungu kikapuni, akifungue saa kumi na moja jioni. Na kama siku hiyo ni zamu ya maharagwe mekundu, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kikapu, kwani yakipikwa kwa joto dogo tangu mwanzo hubaki na sumu inayochafua tumbo.

Wali nao uupalie kama bibi zetu walivyofanya: maji yakishakauka, zitoe kuni zote, bakiza makaa machache chini, machache yaweke juu ya kifuniko, kisha ondoka ukakae barazani. Vitakavyobaki ni vile vinavyomtaka mtu asimame, yaani sambusa, kaimati na viazi vya karai. Hivyo visipikwe kwenye meko ya kuni hata kidogo. Toa seredani, lile jiko la makaa, iweke ule upande wa dari ulio wazi kwa upepo, na mpishi asiwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mpokezane.

Nina wasiwasi na jambo moja ambalo hukuliuliza. Makuti yaliyopigwa na jua la miezi mitatu hushika moto kwa cheche moja, na katika mji wenye nyumba zilizopakana kama Mkomani moto wa dari moja si shida ya nyumba moja. Usitumie makumbi wala karara kuwashia moto siku ya upepo, na ndoo mbili, moja ya mchanga na moja ya maji, zisitoke hapo kidarini.

Kuhusu mama mkwe, usimwendee na hoja ya gesi. Mwendee na kikapu. Mpe mbaazi zilizolainika kwa kuni zilezile alizozizoea, umwombe yeye atie tui na chumvi jioni kwa mkono wake. Wakwe wengi wanaogopa kwamba mapishi yao yatatupwa. Wakiona yamehifadhiwa na mpishi amehifadhiwa pia, huwa wa kwanza kuwasimulia majirani.

*Salaam alaykum, Shangazi. Mimi huchoma mofa za mtama na mahindi kwa tanuri la udongo, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba. Wateja huja kuanzia alasiri. Mwanangu wa miaka 18 ameanza kunisaidia mwezi huu, na kila akitoka kwenye tanuri hukimbilia maji ya barafu. Wazee wanamkemea kwamba maji ya baridi yakimkuta mtu ana hari humuua. Je, ni kweli? Na nitajuaje kwamba joto limemzidi?*
— Mchoma Mofa, Barani, Malindi

Wa alaykum salaam, kaka. Kwanza pokea heshima yangu, kwa sababu kazi yako naijua kwa macho: mkono unaoingia mpaka kwenye kiwiko ndani ya tanuri, donge la unga linalopigwa ukutani likashika kwa mara moja, na ngozi ya mkono ambayo haina unywele hata mmoja kuanzia kifundoni. Ni wachache waliobaki wanaoiweza, na ningependa mwanao awe miongoni mwao akiwa mzima.

Maji ya baridi hayamuui mtu mwenye afya aliyetoka kwenye joto, yanamsaidia. Akiyanywa kwa pupa yanaweza kumletea maumivu ya tumbo au ya kichwa ya muda mfupi, basi. Kosa liko kwenye kungoja kiu. Anayefanya kazi ya jasho jingi anywe kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, aone kiu asione, ila jumla isizidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno bila chumvi nayo huleta maradhi. Kama jasho limetoka kwa saa kadhaa mfululizo, mtengenezee lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Dafu ni zuri na Malindi halikosekani, lakini chumvi tunayoipoteza kwa jasho limo kidogo tu, kwa hiyo lisitegemewe peke yake. Nyakati za mfungo ninyi wawili mtalazimika kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku, na kazi yenyewe ipunguzwe.

Ama mwanao, mwezi wa kwanza ndio wa hatari kubwa. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya joto: hujifunza kutoa jasho mapema zaidi, jingi zaidi, na lenye chumvi kidogo zaidi. Kabla ya hapo, kijana mwenye nguvu huanguka wakati mzee aliyezoea amesimama, na mara nyingi huona haya kusema. Siku ya kwanza asikae mbele ya tanuri zaidi ya sehemu moja ya tano ya muda wako, kisha umwongezee sehemu moja kila siku. Akiugua au akisafiri wiki nzima, aanze upya polepole.

Na tanuri lenyewe lina siri ambayo nadhani unaijua, ila pengine hujaitumia kwa ajili ya mwili wako. Moto ukishakuwa makaa, udongo ndio unaochoma mkate. Basi hakuna haja ya mtu kukaa karibu wakati kuni zinawaka; washeni, muondoke. Lipakeni tanuri kwa nje tabaka nene la udongo uliochanganywa na majivu na makapi, joto libaki ndani badala ya kutoka kwenye mbavu zake, na mdomo ufunikwe kila baada ya kupachika mofa. Kanzu au shati la pamba lililopwaya ni bora kuliko kifua wazi, maana ngozi iliyo wazi hupigwa na joto la tanuri moja kwa moja. Leso iliyolowa maji shingoni inafaa, mradi ilowekwe tena kila ikikauka, na upepo wa feni utokee ubavuni, usipige makaa.

Utajuaje kwamba limemzidi? Misuli kukakamaa, kichwa kuuma, kichefuchefu na ngozi yenye jasho jingi la baridi ni hatua ambayo kivuli, maji na kupumzika vinatosha. Lakini akichanganyikiwa, akijibu mambo ambayo hukumuuliza, akiyumba kama mlevi, au akizimia, huenda mwili wake umefika nyuzi 40 na zaidi, na hapo kila dakika ina uzito. Usingoje gari ndipo uanze kumpoza. Mlaze kivulini, mvue nguo za nje, mmwagieni maji mwili mzima huku mnampepea kwa nguvu, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe kwapani, shingoni na kwenye kinena. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu kamili. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa, kwa sababu hii si homa. Mpozeni huku gari linatafutwa, na mwendelee kumpoza njiani mpaka hospitali.

*Shangazi, kaka yangu anaishi Uingereza na ana jiko la kuni la chuma sebuleni. Anasema majira yao ya joto wapenzi wa kuni hawawashi moto kabisa. Hupasua, hupanga na kukausha, wakisubiri Desemba. Hata mwaka 2022, joto lilipovunja rekodi huko, yeye alikuwa uani anapanga kuni. Je, nasi tulitumie joto hili hivyo? Na kwa unyevu wetu huu, kuni zinakauka kweli?*
— Mpenda Kuni, Gede

Swali hili limenifurahisha mno, kwa sababu ndilo linalogeuza joto kutoka adui likawa mfanyakazi. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipimwa nyuzi 40.3 katika mji mdogo wa Coningsby, na sina shaka kuni za kaka yako zilinufaika siku hiyo, ingawa ningependa angesubiri jioni. Wenzetu wanalichukulia jambo hili kwa uzito hata likawekewa sheria: tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo nchini England, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hazitakiwi kuwa na maji yanayozidi asilimia 20.

Sababu ni hii. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu yake ni maji. Kilo moja ya kuni mbichi za namna hiyo hutoa takriban megajuli 8 za joto, na kilo moja ya kuni zilizokauka hadi asilimia 20 hutoa karibu 14. Anayepika kwa kuni mbichi katika fukuto hili anahitaji karibu maradufu ya kuni, anakaa muda mrefu zaidi motoni akipuliza, na anavuta moshi mzito unaotokana na moto usiopata joto la kutosha kuuchoma moshi wenyewe. Kuni kavu ni moto mdogo na wa haraka, na moto mdogo wa haraka ndio tunaoutafuta.

Zinakauka, ndiyo, licha ya unyevu. Mti uliowekwa kivulini katika hewa ya pwani yetu hushuka mpaka asilimia 14 hadi 16 hivi kisha hukoma, hata ungeuacha miaka kumi, kwa sababu hapo unakuwa sawa na hewa inayouzunguka. Kiwango hicho kinatosha kabisa. Pasua sasa, kabla masika hayajaingia Aprili. Mvinje, ambao Gede na Malindi mnao mwingi mashambani, upasuliwe ungali mbichi, kwani ukikauka hukataa shoka. Vipande visizidi unene wa mkono wa mtu mzima, kwa kuwa maji hutoka kupitia sehemu zilizopasuliwa zaidi kuliko kupitia magome. Vipange juu ya magogo mawili visiguse ardhi, vichwa vyake vikielekea upande upepo unakotoka, na ufunike juu peke yake kwa bati au makuti. Wengi hufunika rundo zima kwa turubai hadi chini, na matokeo yake ni ukungu. Ukitaka kujua kama ziko tayari, chukua vipande viwili uvigonganishe: vibichi hutoa mlio mzito uliozimika, vikavu hulia kwa ukali, na vichwani mwake utaona nyufa zinazotoka katikati kama miali. Na kazi ya shoka iwe ya alfajiri. Saa mbili asubuhi liwekwe chini.

Usiniulize mikoko. Najua inawaka kwa muda mrefu na makaa yake hayana mfano, lakini sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu, na kuikata bila ya kibali cha Shirika la Huduma za Misitu ni kosa. Kuna matawi ya miembe yaliyopogolewa, kuna mwarobaini unaoota kila kiambaza, kuna vifuu vya nazi ambavyo kwa moto wa haraka havina mshindani. Maganda ya korosho yasichomwe, kwani mafuta yake hutoa moshi unaowasha macho na ngozi.

*Shangazi, ni vizuri kumwaga maji kwenye meko baada ya kupika ili jiko lipoe haraka? Mafiga yetu ni ya mawe ya matumbawe.*
— Binti wa Shela

Hapana, binti yangu. Mvuke utakaokurukia unaunguza vibaya, jiko litajaa unyevu ambao ndio tunaoukimbia, na jiwe lililopashwa likipata maji ya ghafla hupasuka. Matumbawe yana ubaya zaidi, kwa kuwa yakichomwa sana hugeuka chokaa, na chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe. Waliowahi kuona tanuu la chokaa wanajua. Yabadilisheni mafiga hayo kwa udongo wa kuchoma. Ukimaliza kupika, vitoe vijinga kwa koleo, vitie katika debe lenye kifuniko kinachobana, uliweke debe juu ya mchanga mbali na makuti. Moto utakosa hewa uzimike, na kesho utakuta makaa ya kupalia wali bila ya kununua.

*Bibi yetu ana miaka zaidi ya 80 na hawezi kulala bila ya seredani yenye makaa na ubani chumbani, hata usiku wa joto kama huu. Tumwache?*
— Wajukuu wa Muyeye, Malindi

Msimwache. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala huweza asiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majikoni na vyumbani vilichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wazee ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Mzee wa umri huo pia huwa hahisi kiu wala joto kama zamani, kwa hiyo atawaambia yuko salama na hayuko. Mfukizieni ubani baada ya magharibi, milango na madirisha yakiwa wazi, naye akiwa amekaa barazani. Harufu ikishaingia katika mapazia na shuka, toeni chetezo na seredani nje kabisa ndipo aingie kulala, na mmoja wenu amletee maji ya kunywa kabla ya kulala na tena usiku akiamka.